Lord Denning: jaji wa Kiingereza ambaye wanafunzi wa sheria Dar es Salaam walilibeba jina lake

Katika vipindi vyetu vya sheria maswali hurudi yale yale. Mwenye nyumba amenipunguzia kodi kwa mdomo, sasa anadai yote, je ana haki? Mume ameondoka, anataka kuuza nyumba tunamoishi, je anaweza? Na mwisho wa kipindi huja swali moja kubwa zaidi: sheria hizi ziliandikwa na nani, na mbona nyingine hazifanani na maisha yetu?

Leo tunamweleza mtu mmoja ambaye maisha yake yanagusa maswali hayo yote. Anaitwa Alfred Thompson Denning, maarufu kwa jina la Lord Denning. Alikuwa jaji wa Uingereza, alizaliwa mwaka 1899 na kufariki mwaka 1999. Huenda hujawahi kumsikia. Lakini wanafunzi wa kwanza wa sheria katika nchi yetu walikipa chama chao jina lake, wakaanzisha jarida lenye jina hilo hilo, na humo wakafundishana sheria kwa kuandika wao wenyewe. Kwa nini wanafunzi wa nchi iliyokuwa ikipata uhuru wachukue jina la jaji wa mkoloni? Na je, jina hilo lilistahili? Tufuatane.

MTOTO WA MUUZA VITAMBAA

Denning alizaliwa tarehe 23 Januari 1899 katika mji mdogo wa Whitchurch, jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Walikuwa watoto sita, yeye wa tano. Hawakuwa maskini wa kutupwa, lakini hawakuwa watu wa mashamba makubwa wala wa majina makubwa. Alisoma shule ya kawaida ya eneo lao, na kwa sababu alikuwa hodari wa hesabu akapata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1916.

Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepamba moto. Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini wazee walisimulia jinsi vita hiyo ilivyopita, Wajerumani na Waingereza wakifukuzana na watu wetu wakibebeshwa mizigo. Kwa akina Denning nako ilipita. Kaka yake mmoja aliuawa vitani mwaka 1916. Mwingine alifariki mwaka 1918 kwa ugonjwa alioupata akiwa mwanamaji. Yeye mwenyewe alipelekwa Ufaransa katika kikosi cha wahandisi, kazi yao ikiwa ni pamoja na kujenga madaraja ili askari wavuke mito. Alirudi salama, akamaliza shahada ya hesabu, akafundisha somo hilo katika shule moja ya mji wa Winchester.

Ualimu haukumkaa. Alirudi Oxford kusoma sheria, akamaliza kwa muda mfupi akiwa na alama za juu, na mwaka 1923 akaapishwa kuwa wakili.

ALIJIFUNZA SHERIA KWA KUIANDIKA

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo penye mzizi wa habari yetu.

Wakili kijana hana wateja. Ndivyo ilivyo leo, ndivyo ilivyokuwa London wakati ule. Denning alikuwa na muda mwingi na fedha kidogo. Akautumia muda huo kuandika. Mwaka 1925, akiwa na miaka miwili tu katika kazi, alichapisha makala katika jarida la kisheria liitwalo Law Quarterly Review. Baadaye akaingia katika kazi kubwa zaidi. Kulikuwa na kitabu cha zamani kilichokusanya kesi muhimu za Uingereza na kuzieleza, kiitwacho Smith's Leading Cases. Kilikuwa kinatakiwa kuchapishwa upya mwaka 1929, na Denning akawa mmoja wa wahariri.

Kazi ya namna hiyo ni ya kuchosha. Unasoma kesi moja baada ya nyingine. Unajiuliza nini hasa kilitokea, nani alimdai nani, mahakama iliulizwa swali gani, ikajibu nini na kwa sababu gani. Kisha unaandika kwa maneno yako, kwa ufupi, ili mtu mwingine aelewe bila kusoma kurasa mia. Ukikosea, mwenzako anayesoma rasimu atakuonyesha. Denning alieleza uzeeni kwamba kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha sehemu kubwa ya sheria aliyoijua.

Kumbuka jambo hilo, maana wanafunzi wa Dar es Salaam walikuja kulifanya pia, kwa njia yao.

JAJI ALIYEANZA NA HADITHI

Mwaka 1944 Denning aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 1948 akapanda Mahakama ya Rufani, mwaka 1957 akaingia mahakama ya juu kabisa ya nchi yao, na mwaka 1962 akarudi Mahakama ya Rufani akiwa mkuu wake kwa upande wa kesi za madai. Alikaa katika kiti hicho miaka 20.

Alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni lugha. Hukumu za majaji wengi zilikuwa ndefu na nzito. Za kwake zilianza kama hadithi: nani aliishi wapi, alifanya kazi gani, siku ile kulitokea nini. Sentensi zilikuwa fupi. Mtu asiyesomea sheria angeweza kufuata.

La pili ni kwamba, sheria ilipoelekea kumwonea mtu mdogo, alitafuta njia ya kuizungusha. Tutoe mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa askari. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari wengi walirudi na maradhi wakaomba pensheni, wakakataliwa kwa kuwa hawakuweza kuthibitisha kwamba ugonjwa ulitokana na vita. Denning alipewa kusikiliza rufaa hizo. Akasema mzigo si wa askari. Aliyeingia jeshini akiwa mzima na akatoka mgonjwa, serikali ndiyo ionyeshe kwamba ugonjwa haukutokana na utumishi wake. Penye shaka, askari apewe.

Mfano wa pili unahusu kodi ya pango. Mwaka 1937 kampuni moja ilikodisha jengo zima la makazi huko London kwa pauni 2,500 kwa mwaka. Vita ikaanza, watu wakakimbia mji, vyumba vikabaki vitupu. Mwaka 1940 mwenye jengo akakubali kodi ishuke hadi nusu, pauni 1,250. Mpangaji akawa analipa hiyo. Vita ilipokwisha mwaka 1945 vyumba vikajaa tena, na mwenye jengo akataka kodi kamili. Kwa sheria ya zamani, ahadi ya kupunguza deni ambayo mwenzako hakuilipia chochote haikufungi. Kwa hiyo mwenye jengo angeweza hata kudai nusu zote ambazo hazikulipwa wakati wa vita. Denning, akiwa bado jaji kijana, aliamua hivi: kodi kamili inarudi kuanzia pale vyumba vilipojaa, lakini huwezi kumwahidi mtu, yeye akapanga mambo yake kwa kuiamini ahadi yako, halafu ukageuka na kudai ya nyuma. Uamuzi huo wa mwaka 1946 unaitwa kesi ya High Trees, na mpaka leo vyuo vya sheria Tanzania vinaufundisha.

Mfano wa tatu ni wa mke aliyeachwa ndani ya nyumba. Kuanzia mwaka 1952 Denning alishikilia kwamba mume akiondoka, mke ana haki ya kubaki katika nyumba ya ndoa, hata kama hati ina jina la mume peke yake. Mwaka 1965 mahakama ya juu ikampinga na kufuta msimamo huo. Alishindwa. Lakini miaka miwili baadaye, mwaka 1967, Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kumlinda mke katika nyumba ya ndoa.

Wenzake walimlaumu kwa tabia hiyo. Walisema jaji anayepindisha sheria kila anapoona huruma anawafanya watu wasijue sheria ni ipi. Lawama hiyo ina uzito, na tutairudia.

DARAJA LA NYALI NA MTI WA UGENINI

Mwaka 1955 kesi kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki ilifika mbele ya Denning. Kule Mombasa kulikuwa na daraja la kuelea lililounganisha kisiwa na bara upande wa Nyali, lililojengwa mwaka 1931. Kampuni iliyokuwa na daraja hilo ilitoza ushuru kwa wanaovuka. Ugomvi ukazuka: je, jeshi la Uingereza nalo lilipe?

Swali hilo dogo lilifungua swali kubwa. Ukanda ule wa pwani kisheria ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, ukisimamiwa na Waingereza. Basi sheria ya zamani ya Uingereza kuhusu madaraja na ushuru, iliyokua kutokana na mito ya Uingereza na wafalme wake, inafanya kazi Mombasa?

Katika hukumu yake Denning alitumia mfano ambao wanasheria wa Afrika bado wanautaja. Alisema sheria ya Uingereza ni kama mwaloni, mti mkubwa wa kwao. Huwezi kuung'oa, ukauotesha Afrika, na kutegemea ubaki na sura ile ile. Unaweza kustawi, lakini unahitaji kutunzwa kwa uangalifu. Yapo mambo ndani yake yanayofaa kila mahali, na yapo madoido yaliyofaa Uingereza tu. Majaji wa hapa ndio wanaotakiwa kujua kipi kibaki na kipi kipunguzwe.

Sisi wa Njombe tunaelewa habari ya miti ya ugenini. Miwati ya Kibena asili yake ni Australia. Parachichi asili yake ni Amerika ya Kati, na leo linalisha nyumba nyingi hapa. Hakuna mti uliostawi kwa kuletwa tu. Ilibidi mtu aujue udongo, baridi na mvua za hapa. Ukienda kwenye kitalu cha parachichi utaona mche unaozaliwa hapa ukibebeshwa kikonyo cha aina nyingine, na kazi hiyo inafanywa na mikono ya hapa hapa.

Swali likawa: katika sheria, mikono hiyo iko wapi?

KAMATI YA MWAKA 1960

Haikuwepo. Tanganyika ilipokaribia uhuru, mawakili Waafrika walihesabika kwa vidole. Aliyetaka uwakili alisafiri hadi London. Huko alijifunza sheria ya ardhi ya Uingereza, si ya Uhehe wala Ubena. Alijifunza mirathi ya Kiingereza, si ya mila zetu wala ya Kiislamu. Na ilikuwa gharama ambayo mtoto wa mkulima asingeweza kuimudu.

Mwaka 1960 serikali ya Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika. Denning akawa mwenyekiti. Ripoti ilitoka mwaka 1961 na ujumbe wake ulikuwa wazi: wanasheria wa Afrika wafundishwe Afrika, kwa sheria zinazotumika Afrika. Kwa Afrika Mashariki kamati ilipendekeza kitivo cha sheria kiwe Dar es Salaam.

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa. Hakikuwa na majengo yake, kikaanzia katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kitivo kilikuwa kimoja tu, sheria. Wanafunzi hawakufika hata ishirini. Miongoni mwao alikuwamo Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria wa Tanzania mwaka 1975. Mwaka 1964 chuo kikahamia Mlimani, mahali kilipo hadi leo.

Kwa miaka kadhaa mtu yeyote wa Tanganyika, Kenya au Uganda aliyetaka shahada ya sheria ndani ya Afrika Mashariki alikuja Dar es Salaam. Kwa hiyo darasa moja lilikuwa na vijana wa nchi tatu, wa makabila mengi, wa dini mbalimbali. Kila mmoja alikuja na mila za kwao kichwani na kitabu cha Kiingereza mkononi.

WANAFUNZI WASHIKA KALAMU

Wanafunzi hao waliunda chama chao, wakakiita Denning Law Society, yaani chama cha sheria cha Denning. Na katika miaka hiyo ya 1960 chama kikatoa jarida lake.

Kwa nini jarida? Fikiria hali yao. Mwaka 1962 nchi ikawa jamhuri. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yakafutwa, na ardhi ya umilikaji wa kudumu ikageuzwa kuwa ya kupangishwa na serikali. Mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoweka mahakama za wenyeji na mahakama nyingine katika mfumo mmoja wenye Mahakama za Mwanzo chini. Mwaka huo huo pia serikali ikatangaza kwa maandishi sheria za mila kuhusu mahari, watoto na mirathi. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Mwaka 1971 ikatungwa Sheria ya Ndoa, inayotumika hadi leo.

Ni kitabu gani cha London kingeeleza hayo? Hakuna. Walimu wengi nao walikuwa wageni, wakijifunza nchi huku wakifundisha. Vitabu vya hapa ilibidi viandikwe kwanza, na wanafunzi walikuwa sehemu ya kazi hiyo.

Jarida la wanafunzi wa sheria hufanya kazi hivi. Mwanafunzi anachukua kesi moja iliyoamuliwa. Anaeleza mambo yaliyotokea. Anataja swali lililokuwa mbele ya mahakama. Anaeleza uamuzi na sababu zake. Halafu inakuja sehemu ngumu: anasema kama uamuzi ni sahihi au la, na kwa nini. Rasimu inakwenda kwa mwenzake. Huyo anakagua kila kesi iliyotajwa, kila kifungu cha sheria, kila mwaka. Anauliza: hapa umesema mila inakataza, mila ya nani? Hapa umesema jaji alikosea, umesoma hukumu yote? Rasimu inarudi ikiwa na alama za kalamu nyekundu. Inaandikwa tena.

Katika kazi hiyo wanajifunza watu watatu. Mwandishi anajifunza kwamba alichodhani anakijua hakijui mpaka akiandike. Mkaguzi anajifunza kwa kutafuta makosa. Msomaji, mwanafunzi wa mwaka unaofuata, anakuta njia imefyekwa.

Mtindo huu si wa Dar es Salaam peke yake. Kule Marekani wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard walianzisha jarida lao la sheria mwaka 1887 na bado wanaliendesha wao. Mwaka 1990 walimchagua Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya, kuwa kiongozi wake, mtu mweusi wa kwanza katika nafasi hiyo. Tofauti ni kwamba Harvard waliandika juu ya sheria iliyokwishakuwa na vitabu tele. Wa Dar es Salaam waliandika juu ya sheria ambayo ilikuwa inazaliwa mbele ya macho yao.

Mwaka 1968 chuo kilipata pia jarida kubwa la kitaaluma, Eastern Africa Law Review. Na moyo wa kuandika ukavuka mipaka ya sheria. Mwaka 1970 Issa Shivji, aliyesomea sheria hapo Mlimani, alichapisha makala ndefu kuhusu matabaka nchini Tanzania katika gazeti la wanafunzi lililoitwa Cheche. Makala hiyo iliihoji njia ambayo nchi ilikuwa inaifuata. Miezi michache baadaye, Novemba 1970, gazeti likapigwa marufuku. Shivji alikuja kuwa profesa wa sheria katika chuo hicho hicho. Kuandika kwa wanafunzi hakukuwa mchezo. Kulikuwa na gharama yake.

ALIYEBEBA JINA NAYE ALIKOSEA

Sasa turudi kwa Denning, maana hatutamweleza kama malaika.

Mwaka 1974 mabomu yalilipuka katika baa mbili mjini Birmingham na kuua watu 21. Wanaume sita kutoka Ireland walihukumiwa kifungo cha maisha. Walisema polisi waliwapiga ili wakiri. Mwaka 1980 shauri lao la kuwadai polisi lilifika mbele ya Denning. Akalizuia. Sababu yake ilikuwa hii: wakishinda, itamaanisha polisi walisema uongo, walitumia nguvu, na hukumu ilikuwa batili, na jambo hilo ni baya mno kiasi kwamba shauri lisiendelee. Yaani yule aliyemtetea askari mgonjwa dhidi ya wizara, safari hii alilinda sifa ya vyombo vya dola kabla ya kusikiliza wafungwa. Mwaka 1991 mahakama ilikiri kwamba hukumu yao haikuwa salama. Wakaachiwa baada ya miaka 16 gerezani.

Mwaka 1982 alichapisha kitabu kiitwacho What Next in the Law. Ndani yake aliandika maneno yaliyoonyesha kwamba baadhi ya watu weusi waliohamia Uingereza hawafai kuwa katika baraza la wazee wa mahakama. Aligusia kesi iliyotokana na ghasia za mji wa Bristol. Wajumbe weusi wa baraza la kesi hiyo wakatishia kumshtaki, na mawakili weusi wakamtaka ajiuzulu. Kitabu kikaondolewa sokoni ili sehemu hiyo ifutwe. Denning akaomba radhi, na mwaka huo huo akastaafu, akiwa na umri wa miaka 83.

Msikilizaji, jambo hilo linauma zaidi ukikumbuka kwamba vijana weusi wa Dar es Salaam walikuwa wamelichukua jina lake. Je, walikosea?

Sisi tunaona hivi. Walichokichukua kwake kilikuwa jina pamoja na mbinu: soma uamuzi wa mkubwa, ueleze kwa haki, kisha useme ulipokosea. Mbinu hiyo haimwachi mtu yeyote, hata mwenye jina. Hukumu yake katika shauri la wafungwa wale sita leo inasomwa vyuoni kama mfano wa jinsi jaji mwenye akili anavyoweza kupotoka. Mwanafunzi anayeandika kurasa tatu kuonyesha kosa hilo anafanya kile Denning mwenyewe alichokifanya kwa majaji waliomtangulia. Na ile lawama ya wenzake, kwamba alipindisha sheria kwa huruma, inapata uzito wake hapa: huruma ya jaji mmoja humchagua wa kumhurumia. Ndiyo maana sheria haiwezi kutegemea moyo wa mtu mmoja. Inahitaji macho mengi yanayosoma na kukagua.

MWISHO WAKE NA KILICHOBAKI

Denning alirudi kuishi Whitchurch, mji aliozaliwa. Mke wake wa kwanza, Mary, alifariki mwaka 1941 na kumwachia mtoto mmoja wa kiume. Mke wa pili, Joan, alifariki mwaka 1992. Yeye alifika miaka 100 mwezi Januari 1999, akafariki tarehe 5 Machi mwaka huo.

Huku kwetu mti unaendelea kutunzwa na mikono ya hapa. Tuchukue lile swali la mke na nyumba. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, hukumu ikiandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, hata kama hakuleta fedha taslimu. Mama wa Lupembe anayelea watoto na kupika wakati mume anakusanya mali, sheria inamhesabu. Uamuzi huo haukutoka London.

Lugha nayo imesogea. Mahakama za Mwanzo zimetumia Kiswahili tangu zamani, lakini juu kulitawala Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Hilo ni jambo jema, lakini Kiswahili peke yake hakitoshi. Hukumu ya Kiswahili ikiandikwa kwa maneno ya kuzunguka, mkulima atatoka mahakamani bila kujua ameshinda au ameshindwa. Hapo ndipo ile tabia ya Denning ya kuanza na hadithi na kutumia sentensi fupi bado ina kazi.

Na wanafunzi wapo. Jirani zetu Iringa wapo vijana wanaosomea sheria katika Chuo Kikuu cha Iringa na katika Chuo Kikuu Kikatoliki cha Ruaha, na baadhi yao ni watoto wa Njombe na Makambako. Ukiwa na kijana wa namna hiyo nyumbani, mwulize ameandika nini mwaka huu na nani amemkosoa. Mwombe akueleze kesi moja kwa Kiswahili cha nyumbani. Akishindwa kukueleza wewe, ajue bado hajaielewa.

Wewe ambaye hukusomea sheria nawe unaweza kuitumia njia yao. Kabla ya kwenda kwa msaidizi wa kisheria, au kwenye baraza la kata ambalo siku hizi kazi yake ni kusuluhisha, kaa na daftari uandike mambo manne. Kwanza, nini kilitokea, kwa tarehe. Pili, mnagombania nini hasa. Tatu, una ushahidi gani, karatasi au watu walioona. Nne, unaomba nini. Mpe mtu mmoja unayemwamini asome, mtu asiyeogopa kukuambia kuwa hapa umeongeza chumvi. Sahihisha.

Mwenye nyumba aliyekupunguzia kodi kwa mdomo, mwombe aandike mistari miwili na kuweka sahihi leo hii, kabla hamjagombana. Kesi ya High Trees inaweza kukusaidia mbele ya jaji, lakini karatasi yenye sahihi inaweza kukuepusha na safari ya mahakamani.